Maswali yenu kuhusu picha za Wamarekani: nani kachorwa, nani kaachwa

Ile picha ya George Washington, jenerali wa vita vya uhuru vya Marekani, kasimama kwenye boti katikati ya barafu, ndo ilivyokuwa kweli?

Mto Delaware alivuka kweli, usiku wa Krismasi 1776, ila picha ni ya 1851, kaichora Emanuel Leutze tena akiwa Ujerumani, yani miaka 75 baadae. Hata ile bendera ya nyota na mistari ilikuwa bado haijapitishwa, ilipitishwa 1777. Kwa hiyo usiichukue kama ushahidi, hapo ni taifa linajieleza linavyotaka kukumbukwa. Ila mcheki mpiga kasia mmoja karibu na goti la Washington, ni mtu mweusi, na picha inachorwa utumwa bado uko halali majimbo ya Kusini. Mimi huwa namuangalia huyo kwanza.

Picha zinaweza kusimulia hadithi ndefu kweli, kama kitabu?

Sana tu ndugu yangu, mtafute Jacob Lawrence. Akiwa na miaka 23 tu alimaliza picha 60, mwaka 1941, kuhusu Weusi waliohama Kusini kwenda kutafuta maisha Kaskazini, na wazazi wake mwenyewe walikuwa kwenye wimbi hilo. Alizipanga zote akawa anachukua rangi moja anapita nayo picha hadi picha, akimaliza ndo anashika nyingine, ndo maana ukiziangalia ule weusi na ule wa njano ni uleule mwanzo mpaka mwisho. Ya kwanza ni umati stesheni unasukumana kwenye mageti matatu, Chicago, New York, St. Louis. Kinachoniuma ni kwamba zimegawanywa, namba witiri ziko jijini Washington kwenye makumbusho ya Phillips Collection, shufwa ziko makumbusho ya MoMA, New York, hadithi moja nyumba mbili!

Maua kwenye picha ya Obama ni pambo tu?

Hapana dada. Kehinde Wiley (2018) kaweka yungiyungi za buluu za Afrika kwa ajili ya baba wa Obama, Mkenya, jasmini ya Hawaii Obama alikozaliwa, na krisanthemu, ua la Chicago.

Norman Rockwell si alichora familia za kizungu zenye furaha tu?

Miaka mingi ndiyo, kwenye makava ya magazeti. Lakini 1964 alimchora Ruby Bridges, mtoto mweusi wa miaka 6 aliyepelekwa shule ya wazungu New Orleans mwaka 1960 akilindwa na maafisa wa serikali. Kagauni keupe, rula mkononi, ukutani tusi na nyanya iliyopasuka inachuruzika. Maafisa wanne wamekatwa vichwa na ukingo wa picha, sura unayoiona ni ya mtoto peke yake. 2011 picha hiyo ilitundikwa Ikulu ya Marekani, na Ruby, mtu mzima sasa, akaenda akasimama mbele yake na rais Obama.