Kwa nini Langalanga haikurejea Kyalami?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwaka 2022 habari zilienea kwamba mbio za magari za Formula 1, yaani Langalanga, zingerejea Afrika Kusini msimu wa 2023, nasi mashabiki tukaanza kujiwekea akiba ya safari. Kalenda ilipotoka, uwanja wetu wa mbio wa Kyalami haukuwemo. Je, tulidanganywa? Na tutajuaje siku nyingine kwamba mbio zinazotajwa zitafanyika kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, hamkudanganywa, kwa kuwa mazungumzo yalikuwepo, na Stefano Domenicali, mkuu wa Formula 1, alifika mwenyewe Afrika Kusini mwaka huo. Hata hivyo, mazungumzo hayakuzaa mkataba. Kalenda ya 2023 ilipotangazwa Septemba 2022 ilikuwa na mbio 24, na Spa-Francorchamps ya Ubelgiji, ambayo wengi walidhani ingeipisha Kyalami, ikabaki mahali pake.

Kikwazo kikubwa, kwa maoni yangu, ni fedha. Mwandaaji hutakiwa kulipa kila mwaka ada ya uenyeji ambayo aghalabu hufikia makumi ya mamilioni ya dola, ilhali yeye hutegemea zaidi mauzo ya tiketi, kwani mapato ya televisheni huenda kwa wenye mashindano. Ndiyo maana nchi nyingi zinazoandaa mbio hizi huwa na serikali inayosaidia kubeba mzigo huo. Uwanja nao ulikuwa na kasoro, maana Kyalami ilikuwa na Daraja la 2 la FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, na Formula 1 hukimbizwa kwenye viwanja vya Daraja la 1 tu.

Uchungu wenu una haki kabisa. Mbio za mwisho barani mwetu zilifanyika Kyalami Machi 1993, dereva Mfaransa Alain Prost akashinda, na tangu hapo bara lililomtoa Jody Scheckter, bingwa wa dunia wa 1979, limebaki mtazamaji. Watu waliongojeshwa muda wote huo walistahili kuelezwa waziwazi kilichokwama, badala ya kuachwa wakisome wenyewe katika orodha isiyo na jina la uwanja wao.

Kuhusu swali lako la pili, hata kuwemo katika kalenda si hakikisho kamili. Hanoi ilijenga njia ya mbio kwa ajili ya Aprili 2020, janga la korona likazuia, kisha jina lake likaondolewa na mbio hazijawahi kufanyika. Mbio za Melbourne mwaka huohuo zilifutwa mashabiki wakiwa tayari malangoni, na za Imola, Italia, zikafutwa Mei 2023 kwa sababu ya mafuriko. Tofauti ni kwamba mwenye tiketi ana mahali pa kudai, lakini aliyelipia nauli kwa kutegemea tetesi hana. Kwa hiyo usinunue tiketi ya ndege isiyorejesheka kabla mwandaaji mwenyewe hajaanza kuuza viingilio vyenye masharti ya maandishi ya kurejesha fedha, na ukiweka nafasi ya hoteli, chagua inayokuruhusu kuifuta.

Juni 2025 FIA iliidhinisha michoro ya kuikarabati Kyalami ifikie Daraja la 1. Hiyo ni habari njema kwa uwanja, lakini si mkataba wa mbio, basi akiba yenu iendelee kukaa benki.