Wasomaji Wanauliza: Zipa Saguamanchica

SWALI: Nimesoma kwamba Saguamanchica wa Wamuisca alirithiwa na mpwa wake. Hakuwa na watoto? Na utajiri wake ulitoka wapi? – Msomaji, Uyole, Mbeya

JIBU: Kuwa na watoto kusingebadili kitu. Kwa Wamuisca, waliokaa nyanda za juu za Kolombia kwenye mita 2,600 hivi, kiti kilikwenda kwa mtoto wa dada. Mrithi alitawala kwanza Chía, kisha akapandishwa kuwa zipa, yaani mtawala wa Bacatá (eneo la Bogotá ya leo). Saguamanchica alishika kiti takriban mwaka 1470, akawashinda Wafusagasugá huko Pasca. Karibu 1490, mahali paitwapo Chocontá, alipambana na Michuá, zaque, yaani mtawala, wa Hunza (leo Tunja). Wote wawili walifia hapo, na Nemequene, mpwa wake, akarithi. Miaka hiyo ni makadirio. Wamuisca hawakuandika, walioandika ni Wahispania, baadaye sana.

Utajiri, hasa ni chumvi. Dhahabu sehemu kubwa waliinunua kwa majirani kwa chumvi, nguo za pamba na zumaridi. Huko Zipaquirá na Nemocón walichemsha maji ya chemchemi za chumvi kwenye vyungu vikubwa, wakiongeza maji kila yalipopungua, mpaka chumvi ikaganda kuwa bonge gumu. Bonge halikutoka mdomoni mwa chungu, hivyo chungu kilivunjwa. Kila mpiko ulidai chungu kipya, na vigae vimerundikana huko hadi leo. Anayeijua Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, hatashangaa: nako chumvi ilipikwa tangu kale.