Maswali ya Wasomaji: Jenerali Naguib, Rais wa Kwanza wa Misri

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu aliulizwa darasani rais wa kwanza wa Misri alikuwa nani, akajibu kuwa ni Gamal Abdel Nasser. Mwalimu alimwambia amekosea, na kwamba rais wa kwanza ni Jenerali Mohamed Naguib. Mimi mwenyewe nimependa kusoma historia ya Afrika tangu ujana, lakini jina hilo ni geni kwangu. Naomba mnieleze alikuwa nani, na ilikuwaje mtu aliyefika cheo hicho akasahauliwa kiasi hiki.

JIBU: Ndugu msomaji, mwalimu amesema kweli. Jamhuri ya Misri ilitangazwa tarehe 18 Juni 1953, na Naguib ndiye aliyeshika urais na uwaziri mkuu kwa pamoja, ilhali Nasser alikuwa naibu waziri mkuu na waziri wa mambo ya ndani. Mwanao asilaumiwe, kwa sababu kwa miaka mingi jina la jenerali huyo lilifutwa hata katika vitabu vya shule vya Misri yenyewe, na Wamisri wengi walikua wakiamini kuwa Nasser hakutanguliwa na mtu.

Naguib alizaliwa Khartoum mwaka 1901, baba yake akiwa afisa wa jeshi la Misri lililokuwa Sudani. Alihitimu chuo cha kijeshi mwaka 1918, yaani mwaka uleule aliozaliwa Nasser, na baadaye akasomea sheria na kupata shahada. Mwezi Februari 1942, vifaru vya Uingereza vilipoizingira ikulu ya Abdeen ili kumlazimisha Mfalme Farouk amteue Mustafa Nahhas, kiongozi wa chama cha Wafd, kuwa waziri mkuu, Naguib aliandika barua ya kujiuzulu jeshini kwa kuona aibu kwamba jeshi halikumlinda mkuu wa nchi yake. Barua hiyo haikukubaliwa. Katika vita vya Palestina vya mwaka 1948 alijeruhiwa akiwa mstari wa mbele na watu wake, jambo ambalo majenerali wengi wa Farouk hawakuweza kulisema juu yao wenyewe, na heshima aliyoipata huko ndiyo iliyowavutia vijana waliojiita Maafisa Huru.

Vijana hao, wakiongozwa na Nasser, walikuwa na mpango, siri na mtandao ndani ya vikosi, lakini hawakuwa na jina. Walikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, na hakuna raia aliyewajua. Walimhitaji jenerali ambaye wanajeshi wangemtii na wananchi wangemwamini, naye alikwisha kuonyesha nguvu ya jina lake pale maafisa walipomchagua kuwa mwenyekiti wa klabu yao dhidi ya matakwa ya mfalme. Asubuhi ya tarehe 23 Julai 1952, Anwar Sadat aliposoma redioni tangazo la mapinduzi, alilisoma kwa jina la Naguib. Siku tatu baadaye Farouk alijiuzulu na kuondoka Alexandria kwa meli, na Naguib akamfuata kwa mashua hadi melini ili kumuaga kwa adabu za kijeshi. Watu walimpenda upesi: mtu wa makamo, mwenye kiko na tabasamu, anayesikiliza wakulima.

Ukitaka kujua kwa nini alianguka, tazama kilichotokea siku ileile ya kutangazwa kwa jamhuri. Naguib alipopanda kuwa rais, aliacha ukamanda mkuu wa majeshi, na nafasi hiyo akapewa Abdel Hakim Amer, rafiki wa karibu wa Nasser, ambaye alirushwa kutoka cheo cha meja hadi meja jenerali kwa mkupuo mmoja. Naguib alipinga uteuzi huo, kisha akaukubali. Tangu hapo rais alikuwa na ikulu, magari na shangwe za barabarani, lakini bunduki zilikuwa kwa wengine, na ndani ya Baraza la Uongozi wa Mapinduzi, chombo cha maafisa kilichotawala nchi, alikuwa na kura moja tu kama afisa yeyote kijana aliyeketi pale.

Wapo wanaomwandika Naguib kama mtetezi wa demokrasia aliyesalitiwa. Nakubali nusu ya maneno hayo. Ni kweli kwamba mwaka 1954 alitaka bunge lirudi na wanajeshi warejee kambini. Lakini vyama vya siasa vilipigwa marufuku Januari 1953 chini ya uongozi wake, na miezi michache kabla ya hapo aliidhinisha hukumu ya kunyongwa kwa wafanyakazi wawili wa kiwanda cha nguo cha Kafr el-Dawwar, Mustafa Khamis na Muhammad al-Baqari, baada ya mgomo uliogeuka ghasia. Vyama na vyama vya wafanyakazi ndivyo vilivyoweza kumtetea baadaye, naye alikuwa amekwisha kusaidia kuvivunja nguvu.

Mgogoro ulilipuka Februari 1954. Naguib alijiuzulu, baraza likalipokea hilo kwa furaha, lakini maafisa wa vikosi vya vifaru walikataa na maelfu ya watu wakajaa mitaani Cairo, hata akarudishwa tarehe 27. Ilionekana kwamba ameshinda. Tarehe 25 Machi baraza likatangaza kwamba vyama vitaruhusiwa na lenyewe litavunjwa Julai, tangazo ambalo naliona kuwa mtego, kwa sababu liliwatisha wote walioogopa kurudi kwa wanasiasa wa zamani. Ukafuata mgomo wa wafanyakazi wa usafiri uliopangwa na wafuasi wa Nasser, wakitaka mapinduzi yaendelee. Treni na mabasi yakasimama. Umati ukavamia Baraza la Dola, mahakama kuu ya mambo ya utawala, na kumpiga mwenyekiti wake, mwanasheria mashuhuri Abdel Razzak al-Sanhuri. Tarehe 29 Machi ahadi zote zikaahirishwa. Mwezi Aprili Nasser akawa waziri mkuu, na Naguib akabaki rais asiye na la kuamua.

Oktoba 1954 Nasser alifyatuliwa risasi akihutubia Alexandria, zikamkosa, na serikali ikawashukia Udugu wa Kiislamu, harakati ya kidini na kisiasa. Naguib alituhumiwa kushirikiana nao. Tarehe 14 Novemba aliondolewa madarakani na kupelekwa El Marg, pembezoni mwa Cairo, katika nyumba iliyotwaliwa kutoka kwa mke wa yuleyule Mustafa Nahhas wa mwaka 1942. Hakushtakiwa mbele ya mahakama yoyote. Alikaa humo chini ya ulinzi hadi Sadat, aliyekuwa rais wakati huo, alipomwachilia mwaka 1971, akafariki tarehe 28 Agosti 1984 na kuzikwa kwa heshima za kijeshi. Leo kituo kimoja cha treni za chini ya ardhi jijini Cairo kina jina lake, na mwaka 2017 kambi kubwa ya kijeshi magharibi mwa Alexandria ikapewa jina hilo pia.

SWALI: Nimesikia kwamba Wasudani walimpenda Naguib kuliko kiongozi mwingine yeyote wa Misri. Je, kuondolewa kwake kulichangia Sudani kutoungana na Misri?

JIBU: Kulichangia, ingawa si kwa kiwango ambacho husemwa. Naguib alikulia Khartoum na kusoma Chuo cha Gordon, na aliwajua viongozi wa Sudani kama watu, si kama faili. Ndiyo maana aliweza kufanya ambalo wafalme walilikataa: kukubali haki ya Wasudani kujiamulia mambo yao, katika mkataba wa tarehe 12 Februari 1953 na Uingereza, iliyoitawala Sudani kwa pamoja na Misri. Alitumaini kwamba wakiachwa huru watachagua muungano, na uchaguzi wa mwishoni mwa mwaka huo, alioushinda Ismail al-Azhari na chama chake cha waungaji mkono wa umoja, ulimpa moyo.

Hata hivyo, alipofika Khartoum tarehe 1 Machi 1954 kwa ufunguzi wa bunge, wafuasi wa familia ya Mahdi, kiongozi wa kidini wa Sudani wa karne ya 19, walioutaka uhuru kamili walimpokea kwa maandamano, damu ikamwagika, na sherehe ikaahirishwa. Upinzani huo ulikuwepo yeye akiwa bado rais. Kuanguka kwake kuliwaondolea waungaji mkono wa muungano mtu waliyemwamini, lakini al-Azhari naye alikuwa amekwisha kuona kwamba uhuru ndio unaotakiwa na wengi, na Sudani ikawa huru tarehe 1 Januari 1956.

SWALI: Kama Naguib aliondolewa Novemba 1954 na Nasser akawa rais 1956, katikati alikuwa nani?

JIBU: Hakuwepo rais. Kiti kiliachwa wazi, na mamlaka yakawa kwa Baraza la Uongozi wa Mapinduzi chini ya Nasser akiwa waziri mkuu, hadi kura ya maoni ya tarehe 23 Juni 1956 ilipopitisha katiba mpya na kumthibitisha Nasser, aliyekuwa mgombea pekee.