Nilifuata dawa, nikarudi na kazi ya nyumbani

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mtoto akichelewa kusema au kutembea, kuna faida kumpeleka kwa daktari bingwa wa makuzi ya watoto, au ni kumaliza nauli bure? Mimi nauli hiyo nimeimaliza mara nne, Korogwe hadi Dar, mtoto mapajani. Faida ipo, ila sikuikuta pale nilipoitafuta.

Kijana wangu alifika miaka miwili na nusu hana neno zaidi ya "mma". Kutembea alitembea kwa wakati, chakula anakula, na kadi yake ya kliniki haina doa: uzito unapanda, chanjo zote kapata. Kwa hiyo kila niliyemuuliza alinituliza. Mama mkwe akasema ni udata, ulimi umeshikwa, akatwe. Jirani akasema hata baba yake alichelewa, mbona sasa hanyamazi. Daktari wa kwanza, niliyempangia foleni tangu alfajiri, alimtazama dakika tano, akasema, "Wa kiume hao, atasema tu." Nikaamini kwa sababu nilitaka kuamini. Miezi minane ikapita.

Bingwa wa Dar hakuanza na mtoto, alianza na mimi. Maswali karibu saa nzima: alilia mara tu alipozaliwa? Aliwahi kupata degedege, au manjano? Akiitwa jina anageuka? Akiona ndege angani, anakuonyesha? Hilo la mwisho lilinikwamisha. Mwanangu hakuwahi kunionyesha kitu chochote, nami sikujua kwamba hilo nalo huangaliwa.

Kisha akakaa sakafuni, akatoa kichupa cha mapovu ya sabuni. Akapuliza, mtoto akaruka kwa furaha. Daktari akakaza kifuniko, akampa kichupa, akanyamaza. Mtoto akahangaika nacho, akashindwa. Akanijia, akaushika mkono wangu na kuuweka juu ya kifuniko, kama fundi anavyochukua koleo. Usoni hakunitazama hata kidogo. Jambo hilo nililiona kila siku nyumbani nikidhani ni ujanja wake.

Ulimi aliukagua, akasema hakuna cha kukata. Akatutuma kwanza kupima masikio, na hapa wazazi wenzangu nawaomba msipapite haraka. Mtoto anaweza kugeuka mlango ukibamizwa, ukaapa kwamba anasikia, kumbe sauti ndogo kama "s" na "f" hazimfikii kabisa. Kwenye benchi nilikaa na mama ambaye binti yake aliitwa mkaidi miaka mitatu mizima. Hakuwa mkaidi, alikuwa hasikii. Masikio ya wangu yalikutwa mazima, na safari ya pili ndipo tukaambiwa ni usonji, yaani ubongo wake umekua kwa namna inayomfanya awasiliane na watu kwa shida.

Nilitaka dawa. Bingwa akanieleza bila kuzungusha kwamba usonji hauna dawa ya kuuponya. Alichonipa ni barua ya kwenda kwa mtaalamu wa tiba ya usemi, na kazi za kufanya nyumbani. Nililia ndani ya daladala, nikajiona nimetapeliwa.

Sasa, si kila mtoto wa kupandishwa basi. Mabingwa hawa ni wachache, na miadi yetu ya kwanza tuliingoja miezi mitatu (ningejua, ningetumia muda huo kupima masikio na kuanza tiba ya usemi). Kama mtoto wa miaka miwili ana maneno machache, lakini ukimtuma anaelewa, ananyoosha kidole, na anajifanya kumlisha mwanasesere, mimi ningeanza na masikio yake na daktari wa watoto wa karibu, nikaendelea kumfuatilia. Na msiwasingizie wazee wanaomsemesha Kisambaa huku nyie mnamsemesha Kiswahili. Lugha mbili hazimfanyi mtu bubu. Ila mtoto aliyekuwa na maneno halafu yakapotea, huyo usimngoje hata wiki.

Lipo pia dodoso la maswali 20 la kutafuta dalili za usonji, liitwalo M-CHAT-R, la watoto wa miezi 16 hadi 30, na halihitaji bingwa. Swali la kwanza: ukinyooshea kidole kitu upande wa pili wa chumba, mtoto anakitazama? Yule daktari wa dakika tano angeniuliza hilo moja tu, na muda ungebaki.

Mkienda, rekodini video kwenye simu mtoto anapocheza na anapokula, maana mbele ya daktari wengine hujikunja kama kobe.

Kazi za nyumbani ndizo zilizonirudishia nauli yangu. Mama mkwe, aliyetaka udata ukatwe, siku za mwanzo alilalamika kwamba kumngoja mtoto atutazame ndipo tumpe kitu ni kumnyima. Siku hizi ndiye anayekaza kopo la biskuti, analishika usawa wa macho yake mwenyewe na kungoja mpaka mjukuu amtazame usoni. Wajukuu wengine wameleta mashtaka: na wao wanangojeshwa.

Mama msomaji, Korogwe