Kabla hujaagiza aktueta, uliza upepo ukikatika itakuwaje

Miaka yangu ya mwanzo katika kiwanda cha sukari nilihangaika wiki nzima na vali moja ya mvuke. Imefungwa, lakini bomba la mbele yake haligusiki kwa joto. Tukaishusha, tukasaga siti (kikalio ambacho plagi, kizibo cha ndani cha vali, hukikalia ikifunga), tukairudisha, ikavuja. Tukasaga tena, ikavuja vilevile. Vali yenyewe ilikuwa nzima. Kosa lilikuwa kwenye aktueta, ile kofia ya chuma yenye kiwambo cha mpira na springi inayokaa juu yake, na lilifanyika siku ya kuagiza.

Hesabu yenyewe ni hii. Tundu la vali lilikuwa na kipenyo cha milimita 50, yaani eneo la sentimita za mraba 19.6. Mvuke wa bar 10 ulipita kutoka chini ya plagi, na bar moja ni nyutoni 10 kwa kila sentimita ya mraba. Kwa hiyo mvuke ulikuwa ukiinua plagi kwa nyutoni 1,960, kama uzito wa kilo 200. Juu kuna kiwambo cha sentimita za mraba 400, na springi ya bar 0.2 hadi 1.0, yaani upepo (hewa ya kompresa) unaoisukuma kupitia kiwambo huanza kuifungua vali ukifika bar 0.2 na huimaliza ukifika 1.0. Vali ikiwa imefungwa, springi hiyo inakandamiza kwa bar 0.2 tu, sawa na nyutoni 800. Ingeshinda vipi? Tuliweka springi ya bar 0.8 hadi 2.4, inayoanza na nyutoni 3,200, tukapandisha upepo wa pale hadi bar 3, na bomba likapoa. Ukifikia springi ngumu namna hiyo, posishona (kifaa kinachopokea ishara ya kuiongoza vali na kuipa aktueta upepo wa kutosha) ni lazima, maana ishara ya kawaida ya bar 0.2 hadi 1.0 haiwezi kuifungua yenyewe.

Ndiyo maana naanza na springi kabla ya bei. Upepo ukikatika usiku, vali iende wapi? Ya mafuta ya boila ifunge. Ya maji ya kulishia boila sisi tulichagua ifunguke, kwa sababu boila likikauka mirija inaungua, na maji yakizidi bado una nafasi ya kuyapunguza. Jambo hili usiliamue peke yako ofisini. Kaa na watu wa uzalishaji, kwani wao ndio wanaojua kitakachofuata.

Kisha pima presha ya upepo pale vali ilipo, kiwanda kikiwa kinafanya kazi. Geji ya kompresa inaweza kusoma bar 7 wakati mwisho wa bomba, mashine za kufungasha zinapovuta, unapata 4. Aktueta ichaguliwe kwa hiyo 4.

Kwa vali za kuzungusha robo duara, jihadhari na aktueta za springi: nguvu yake hupungua kadiri springi inavyojiachia, na mwisho wa mzunguko ndipo vali inapotaka kukaza. Soma jedwali la mtengenezaji kwenye tarakimu ndogo kuliko zote. Vali ya molasi iliyolala kipindi chote cha mvua kiwanda kikiwa kimefungwa hugoma kuanza. Mimi huongeza asilimia 50 juu ya nguvu ya kuizungusha vali iliyoandikwa. Hakikisha pia flanji ya kufungia ni ya ISO 5211 (kiwango cha kimataifa cha kuunganisha aktueta na vali), la sivyo utatafuta mchongaji wa kukutengenezea kiunganishi.

Vifaa vya pembeni havina haja ya kuwa vingi. Filta yenye regyuleta (kirekebisha presha ya upepo) iwe kwenye kila vali. Busta, kifaa cha kuongeza wingi wa upepo uendao kwenye aktueta, ni kwa vali inayotakiwa kukimbia tu. Ila kabla hujatoa pesa ya posishona, fungua kikoki cha chini cha filta: kikitema maji ya rangi ya chai, pesa hiyo ipeleke kwanza kwenye draya, kikaushio cha upepo. Matundu ya ndani ya posishona ni membamba mno, na maji yenye kutu huyaziba.

Na kuna nyigu. Wale wa udongo hupenda sana kujenga ndani ya tundu la kupumulia la kofia. Tundu likiziba, hewa ya upande wa springi haina pa kutokea, na vali inakwenda nusu tu huku kila geji ikisoma vizuri. Agiza kizibo chenye wavu, ukifunge kikiangalia chini.