Ufagio wa saa kumi na mbili

Mhariri,

Wiki hii mmewauliza wasomaji: kuishi katika mtaa mkongwe na mtulivu ndani ya jiji kubwa kuna raha gani, na raha hiyo hulipiwaje? Nimezaliwa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, nikaolewa papo hapo, na ukitoa miaka minne niliyokaa kwenye fleti upande wa Nyali, sijaishi kwengine. Naomba nijibu kwa kirefu.

Nianze na huo utulivu. Anayeshuka matatu Digo Road, akapenya Marikiti katikati ya marundo ya maembe na magunia ya viungo, kisha akateremka barabara ya Langoni, huzisikia honi zikififia nyuma yake kabla hajafika mbali. Vichochoro vyetu vilikuwepo kabla ya gari kufika pwani hii. Vilikadiriwa kwa mtu mwenye mzigo na kwa punda. Gari halipiti, na pikipiki ikiingia hulazimika kujikokota. Nyumba za ghorofa mbili tatu zimesogeleana, kuta zake nene za mawe ya matumbawe, basi jua hufika chini saa chache tu za mchana na kelele za barabarani hukosa pa kuingilia. Baada ya adhuhuri utasikia watoto wa chuoni wakikariri Kurani. Jioni utasikia muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake, dele mkononi, na watu wakisogezana barazani kumpa nafasi.

Kimya hicho ndicho kinachotuwezesha kusikiana, na hili ndilo ninalotaka wasomaji walijue. Jirani yangu ni bibi aliyepita miaka themanini. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi hufagia baraza lake kwa ufagio wa chelewa za mnazi, nami nauona mkono wake bila kumwona: mapigo marefu kwenye baraza, halafu mafupi ya harakaharaka pale penye kizingiti. Mwaka juzi, siku moja ya kusi, nilikuwa jikoni nachoma mahamri, saa kumi na mbili ikapita na ufagio sikuusikia. Nikaepua karai, nikajitanda leso, nikatoka. Kumbe jirani wa mkabala ameshafika mlangoni kwa bibi, anabisha. Hakuna aliyemwita mwenzake. Ufunguo wa akiba ulikuwa kwa mama wa nyumba ya tatu, tukauchukua, tukafungua. Bibi alikuwa chini ya ngazi, kavunjika mguu, kalala pale tangu usiku. Kitu cha kwanza alichosema ni, “Nalijua mtakuja.”

Nyali kulikuwa kimya pia. Milango ya chuma, mlinzi getini, ngazi safi, na sikuwa na ugomvi na mtu. Mama wa ghorofa ya juu yangu alifariki siku ya Jumatatu. Mimi nilipata habari kwa mlinzi, matanga yameshavunjwa. Nilipanda kutoa mkono wa pole kwa watu ambao sikuwa nayajua majina yao, na mwezi ule ule nikamwambia mume wangu turudi nyumbani.

Gharama sasa. Maji kwanza, nayo nitayapitia mbio: tunategemea mabomba ya kutoka mbali, kama lile la chemchemi za Mzima kule Tsavo, na yakikatika hununua kwa mkokoteni, mtungi kwa mtungi, ukipandisha ngazi kali zisizo na nafasi ya watu wawili kupishana. Vyumba vyetu ni vyembamba kwa sababu dari zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi. Kabati nililonunua Nyali halikuingia, nikalitoa kwa shemeji.

Kilichonifunza zaidi ni ukuta. Miaka mingi nyuma kaka yangu, kwa nia njema kabisa, aliona plasta ya chini inamomonyoka akaipiga simiti. Ikapendeza kwa muda. Kisha ukaanza kutoka weupe kama unga, ni chumvi hiyo, simiti ikavimba, ikabanduka vipande vikubwa na kuondoka na uso wa jiwe. Tulipomwita fundi mzee, alibandika kiganja ukutani akakaa nacho kitambo, akaniambia: “Mwanangu, ukuta huu wanywa maji ya ardhini kila siku, na kila siku wataka kuyatoa. Simiti yauziba. Chokaa yauacha.” Alibandua yote. Chokaa akailoweka kwenye pipa wiki kadhaa kabla ya kuigusa, akaichanganya na mchanga, akaulowesha ukuta, akapiga tabaka jembamba na kwenda zake. Siku nyingi baadaye akarudi kwa la pili. Kazi hiyo haiharakishwi, na kwa hela inazidi simiti, maana unalipa pia siku za kungoja.

Hapo ndipo mitaa kama yetu inapookoka au inapokufa. Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, ina Makumbusho ya Taifa ya kuitunza, na tangu 2011 imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Msikiti wa Mandhry, humu humu Mji wa Kale, unaosemwa ni wa 1570, una waumini wanaoupaka chokaa. Nyumba ya kuishi ina wenyewe tu, na wenyewe siku hizi ni wengi mno. Babu akifa huacha nyumba moja na warithi kumi. Wanawe wakifa warithi wanakuwa thelathini, mmoja yuko Muscat, mwengine London, mwengine yuko hapa na hana kitu. Paa likitoboka kila mtu humngoja mwenzake. Mvua mbili za masika zikipita, boriti zinaoza, na hapo ndipo mnunuzi hujitokeza.

Nyumba ya kona yetu ilikwenda hivyo. Aliyeinunua aliibomoa usiku usiku nyuma ya mabati. Mlango wa kuchonga ulitangulia kutoka, sijui uliko. Leo pamesimama ghorofa za zege zenye jenereta juu yake. Sheria ipo, Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006, na ofisi ya kuhifadhi Mji wa Kale ipo pia. Wazee wa mtaa walikwenda kulalamika, lakini ukuta ukishalala chini hausimamishwi na barua. Umeme ukikatika jenereta lile huwaka, na alfajiri yoyote likiwaka, ufagio wa jirani yangu siusikii. Naomba wenye mamlaka walifikirie hilo wanapopima kibali: kelele hiyo inatuziba masikio tuliyozoea kuchungiana nayo.

Bibi alipona, ingawa hufagia akishika fito. Nyumba yake nayo ni ya mirathi, warithi kumi na wanane. Baada ya kuanguka kwake tuliwapigia simu mmoja mmoja, mimi na yule jirani wa mkabala, tukawaeleza habari za paa. Kumi na mmoja wamekubali kuchanga. Mabati mapya yamepigwa upande wa kibla, boriti sita zimebadilishwa, na fundi mzee ameshaloweka chokaa kwenye pipa langu, ndani ya daka, ukumbi wa mlangoni. Amesema lisiguswe mpaka arudi.

Msomaji wenu,
Kibokoni, Mombasa