Kifafa cha usingizini: jibu kwa mwenye mdogo wake kambini

Ndugu uliyeuliza, umesema kwamba mdogo wako anayevua dagaa katika kambi moja ya visiwa vya Ukerewe huamka akiwa na damu kwenye mto na shuka limelowa, kwamba wenzake wa bandani humwona akikakamaa na kukoroma, lakini hajawahi kuanguka akiwa macho. Unataka kujua kama hicho ni kifafa, na kama aendelee kwenda ziwani. Nimeishi na hali hiyo tangu nilipokuwa kibarua kwenye mtumbwi wa dagaa, na leo ninauza dagaa wakavu soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, kwa hiyo uniwie radhi nikijibu kwa kirefu.

Ndiyo, wapo watu ambao kifafa huwashika usingizini tu, tena si wachache. Mtu anapolala, ubongo wake haukomi kufanya kazi. Mwendo wa umeme wake hubadilika, na katika usingizi usio wa ndoto seli nyingi hufuata mpigo mmoja, jambo ambalo kwa baadhi yetu hufungua mlango wa kifafa. Kinacholeta tatizo ni usingizi wenyewe wala si giza la usiku. Mvuvi wa dagaa hukesha na taa majini na kulala jua likiwa limepanda, hivyo kifafa chake kinaweza kumjia saa tano asubuhi, watu wakianika dagaa nje ya banda.

Dalili ulizozitaja ndizo nilizokuwa nazo mimi. Ulimi uliong'atwa ubavuni mara nyingi ni ushahidi mzito. Mimi niligundua kidonda changu kwa ndimu ya kwenye mchuzi wa sato, maana usiku wenyewe sikukumbuka chochote. Misuli ya mapaja na mgongo iliuma kama niliyekesha nikivuta mtumbwi nchi kavu, na kichwa kiliniuma hadi mchana. Wenzake wakisema ni jinamizi, waambie kwamba aliyekabwa na jinamizi huamka akisimulia jinsi alivyoshindwa kuinua mkono, ilhali aliyeshikwa na kifafa cha mwili mzima hana la kusimulia.

Hapo ndipo ugumu wote ulipo, kwa sababu mgonjwa ndiye mtu pekee ambaye hakuwapo. Daktari hawezi kutibu habari ya mto wenye damu peke yake, anahitaji macho ya mtu mwingine. Mama watoto alichukua daftari la madeni ya duka, akageuza upande wa nyuma, akawa anaandika saa niliyolala, saa tukio lilipoanza, mkono uliotangulia kukakamaa, kichwa kiligeukia wapi, na muda uliopita kwa saa ya simu. Aliwahi pia kunirekodi video. Kwa daktari, video hiyo ilikuwa na thamani kuliko maelezo yangu yote, kwa kuwa hata kipimo cha umeme wa ubongo huweza kutoka safi kwa mtu mwenye kifafa, hasa kikifanywa akiwa macho.

Daftari lile lilimaliza pia ubishi wa mwezi. Kambini walikuwa wakisema kwamba kifafa changu kinafuata mwezi, na kwa kuangalia juu juu walikuwa sahihi, maana kilinishika zaidi mbalamwezi ilipoanza. Lakini wavuvi wa dagaa hufanya kazi kipindi cha giza na kupumzika mwezi unapong'aa, kwa sababu taa haziwavuti dagaa vizuri penye mwanga. Kwa hiyo nilikuwa nimetoka kwenye mfululizo wa kukesha, nikaangukia usingizi mzito wa kufidia, pengine na pombe ya kusherehekea malipo. Kukosa usingizi na pombe, hasa inapokuwa inaisha mwilini, ni vichochezi vinavyojulikana vya kifafa. Mwezi ulisingiziwa tu.

Kuhusu tiba, aanzie kituo cha afya au hospitali ya wilaya, na ikibidi apewe rufaa kuja Mwanza mjini, Bugando au Sekou Toure. Kwa kuwa matukio yameanza ukubwani, ni haki yake kuuliza kuhusu picha ya kichwa. Kovu la jeraha la zamani huweza kuwa chanzo, na hata mabuu ya minyoo tegu ya nguruwe yaliyojenga vifuko kwenye ubongo. (Wanaolaumu kitimoto moja kwa moja wanakosea kidogo: nyama isiyoiva humpa mtu mnyoo tumboni, bali vifuko vya kichwani hutokana na kumeza mayai yanayotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye mnyoo huo. Kambi isiyo na choo inahusika hapo.)

Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila matukio wakipata dawa inayowafaa na kuitumia ipasavyo. Fenobabito, iliyoanza kutumika kwa kifafa mwaka 1912, bado ni ya bei nafuu na humezwa usiku kwa sababu inaleta usingizi. Zipo pia kabamazepini, fenitoini na nyingine ambazo daktari atachagua. Asiikatishe dawa ghafla eti amepona, kwani kukatisha ghafla huweza kuleta matukio mfululizo. Kama anatumia ARV, amwambie daktari bila kuona haya, kwa kuwa dawa hizo tatu za kifafa hupunguza nguvu ya dolutegraviri, mojawapo ya ARV. Na vidonge vya tramado, ambavyo vibarua humeza kwa maumivu ya mgongo, aachane navyo, maana huchochea kifafa.

Mahali pa kulala pana uzito sawa na dawa. Asilale kitanda cha juu, asiweke kibatari wala jiko karibu, asifunge komeo kwa ndani, na asilale chumba cha peke yake. Hili la mwisho ninalisisitiza. Kwa mwaka, takriban mtu mzima 1 kati ya 1,000 wenye kifafa hufariki ghafla bila sababu nyingine kuonekana, mara nyingi akiwa kitandani, na walio hatarini zaidi ni wale wanaokakamaa na kutetemeka mwili mzima usiku bila mtu karibu. Anayelala chumba kimoja naye amgeuze ubavu, aondoe mto usoni, asimkandamize, na asimtie kijiko wala kidole mdomoni. Asiogope povu, kwani kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa mkojo. Tukio likipita dakika 5, au likifuatwa na jingine kabla hajazinduka, ni dharura ya hospitali, na katika kisiwa hiyo maana yake ni kujua mapema mtumbwi wa nani wenye injini utawashwa.

Sasa ziwa. Watakaokwambia kwamba, kwa kuwa hushikwa akiwa amelala, majini yuko salama, hawajawahi kukesha kwenye mtumbwi wa dagaa. Huko watu husinzia kwa zamu wakisubiri dagaa wakusanyike kwenye taa, na sehemu ya wenye kifafa cha usingizini hufika siku wakashikwa wakiwa macho, hasa wakiacha dawa. Boya la kuokolea halimsaidii sana mtu aliyelala kifudifudi majini. Kwa maoni yangu aache uvuvi wa usiku sasa hivi, kabla hata ya majibu ya vipimo. Tajiri wake aambiwe ukweli mbele yako, kwa sababu kambini kuna kazi nyingine: kuanika, kufungasha magunia, kushona nyavu, kuhesabu mzigo. Malipo yake ni madogo kuliko mgawo wa mtumbwi, hilo sitakuficha, lakini ni kazi za mchana, naye atalala usiku na kumeza dawa saa ileile kila siku.

Akienda kliniki, usimwache aende peke yake. Mtafute yule wa bandani aliyemwona akikakamaa, umlipie nauli ya boti, naye aingie ndani kwa daktari.